Jangwa la Asubuhi

Januari, pamba ikishapasua matumba, Munkunyu, magharibi mwa Uganda, huwa na weupe wa aina mbili. Wa kwanza uko miguuni petu: mashamba yanayotoka Kinyamaseke kuelekea ukingo wa mbuga, pamba iliyoshika vumbi, inayochumwa kwa ncha za vidole na kushindiliwa guniani kwa nyayo za watoto. Wa pili uko mbali na juu, na hauonekani ila kwa bahati. Ukisogea upande wa mbuga, vilima vya mbele visikuzibe, alfajiri ambayo mawingu yamesahau kazi yao, utaona juu kabisa ya Rwenzori kipande cha barafu kimeng'ang'ania jiwe jeusi. Hakidumu machoni. Jua likichomoza, hewa ya moto ya tambarare hupanda, hukutana na ubavu wa mlima, hupoa, hugeuka wingu, na kabla ya saa nne pazia limeshuka. Nimeliwaza jambo hili kuliko linavyostahili: kwamba kinachotunyima kuuona mlima ni joto letu wenyewe, la huku chini. Na kwamba kati ya weupe huu na ule, mahali pasipo na mchumaji wala gunia, kuna ua ambalo wengi wa Munkunyu huzaliwa, hulima na kuzikwa bila kulitia machoni, nalo uhai wake unategemea joto hilohilo lisizidi.

Mwaka 1888, Henry Morton Stanley akiwa kusini-magharibi mwa Ziwa Albert, kijana mmoja wa msafara wake alimwonyesha mlima, naye Stanley akaambiwa umefunikwa chumvi. Msafara ule ulikuwa umejaa watu wa Unguja na mwambao, na kisa hiki huwa kinasimuliwa kwa tabasamu la pembeni, kana kwamba Mwafrika kaiona theluji kakosa akili ya kuitambua. Mimi namtetea yule kijana. Weupe wa kusagika alioujua maishani ulikuwa wa chumvi. Alitaka autaje kwa lipi? Wala hakwenda mbali na ukweli. Chini ya mlima huohuo, ng'ambo ya tambarare hii, iko Katwe, ziwa lililolala ndani ya kreta, ambako kwa karne nyingi watu wamevuna chumvi wakiwa wamesimama hadi kiunoni katika maji yanayochubua ngozi. Kando ya maji yale hakichanui kitu. Majani yanafika mahali yanakata tamaa, kisha ni ukoko mweupe unaokatika chini ya kiatu na harufu inayokaba koo. Hilo ndilo jangwa tulijualo sisi: jua, chumvi na kiu. Mtu wa Bwera ukimwambia liko jangwa jingine, tena liko juu mlimani kwenye matope na mvua isiyokatika, atakuuliza kama umeanza kunywa tonto, pombe ya ndizi, tangu asubuhi.

Lakini lipo, na halipimwi kwa maili. Linapimwa kwa saa. Ukishapita msitu, ukapita mianzi, ukapita miti ya erika yenye ndevu za kijani zinazodondosha maji mchana kutwa, kwenye kimo cha mita 4,000 hivi unaingia nchi ambayo mchana wake ni kiangazi na usiku wake ni kipupwe, mwaka mzima, kwa sababu tuko kwenye ikweta na majira hayana mahali pengine pa kujipanga isipokuwa ndani ya siku moja. Usiku udongo huganda. Maji yako kila mahali, kwenye kinamasi, kwenye jani, hata kwenye pumzi yako, ila yote yamefungwa na baridi. Kisha jua linatoka. Jua la ikweta halibishi hodi. Linapenya hewa nyembamba ya huko juu na kulipiga jani usoni. Jani linaanza kutoa unyevu wake, na mzizi, uliokamatwa na udongo mgumu, hauna hata tone la kulipelekea. Kwa saa hizo mmea uliosimama katikati ya bwawa unakufa kwa kiu. Baadaye udongo unalegea, wingu letu kutoka tambarare linawasili, na jangwa zima linakunjwa kama mkeka hadi kesho yake.

Ua la jangwa hili ni lobelia. Usiwaze zile ndogo za kwenye vyungu vya hoteli. Hizi mtu mzima akisimama kando ya nguzo ya maua yake ataonekana mfupi. Rwenzori ina kadhaa. Iliyo adimu kuliko zote kwangu ni Lobelia bequaertii, ambayo haioti mlima mwingine wowote duniani, nayo hupenda vinamasi na mabonde yenye maji. Juu zaidi, kwenye miteremko ya mawe, kuna Lobelia wollastonii, ambayo nje ya Rwenzori ina makao kwenye volkano za Virunga tu. Kwa miaka mingi sana mmea ni shada la majani basi, limefunguka kuelekea mbinguni, halina haraka. Halafu, mwaka ambao haukutangazwa, nguzo inainuka kutoka katikati yake, imejaa maua ya buluu au ya zambarau yaliyojificha nusu. Nguzo ya wollastonii huvikwa manyoya ya kijivu yanayozuia baridi isifike kwenye ua, na hilo mtu wa pamba halimshangazi: anajua nyuzi nyembamba zikikusanyika zinaweza kufanya nini.

Inama kwenye shada la bequaertii asubuhi na mapema, gambuti zikiwa zimezama kinamasini hadi karibu na magoti. Kati ya majani utakuta maji. Huo si umande uliotua usiku. Ni maji yaliyowekwa, yaliyokaa, yenye rangi ya chai hafifu. Usoni mwake kuna kioo cha barafu. Kiguse kwa kidole kinakatika kwa mlio mdogo sana, na chini yake maji bado ni maji, tena mna vijidudu vichanga vinajipindapinda, vimelala salama wakati matope ya nje yamekuwa mwamba. Maji yanapoganda hutoa joto kidogo, na joto hilo kidogo, likifunikwa na kile kioo, latosha kukinusuru kichipukizi kilicho chini katikati, ambacho kikiganda mara moja ndio mwisho wa mmea wote. Majani nayo hujikusanya usiku kukikumbatia, na hufunguka jua likitoka. Mmea umechukua baridi yenyewe ukaifanya blanketi. Sijui fundi aliyewahi kunionyesha kazi iliyonitia haya kiasi hicho. Na baadaye, kukishapata joto, huja chozi mwenye mkia mrefu, kijani kinachong'aa na vishungi vyekundu vya kifuani, akatua kwenye nguzo na kuingiza mdomo ua baada ya ua, mchana wote ukiwa wake.

Milima haikutani, binadamu hukutana. Tunaisema tukiagana kwenye stendi ya Kasese, au mpakani Mpondwe mtu anaporudi Kasindi, upande wa Kongo, na hakuna anayeiwazia milima, tunajiwazia sisi. Kwa lobelia methali hii ni historia ya ukoo. Kilimanjaro ina yake, Elgon ina zake, Mlima Kenya una zake, Rwenzori ina zake. Zamani sana babu yao alikuwa mmoja, na mbegu zao ni ndogo mno, vumbi tupu, hivi kwamba upepo uliweza kubahatisha mara chache kuzivusha juu ya tambarare za moto. Kisha kila mlima ukabaki na mtoto wake, na mtoto akakua kwa kufuata baridi ya kwao, mvua ya kwao, ndege wa kwao, mpaka leo ukiwaweka pamoja hawafanani tabia. (Majina waliyobatizwa ni habari nyingine: Decken, Teleki, Wollaston, Bequaert. Wengi wa ukoo huu wa Afrika Mashariki wanaitika majina ya wapita njia wa Ulaya. Tuyaache.)

Kwenye Mlima Kenya, Mmarekani Truman Young alianza mwishoni mwa miaka ya 1970 kuzifuatilia lobelia mmea kwa mmea, mwaka hadi mwaka, na alichokikuta hakijaniondoka. Ziko mbili zinazopakana. Lobelia keniensis, ya mabonde yenye unyevu, huchanua, ikapumzika miaka kadhaa, ikachanua tena. Lobelia telekii, ya miteremko mikavu, huchanua mara moja tu. Hukaa makumi ya miaka ikiweka akiba ndani ya shada lake, kisha katika msimu mmoja inatoa vyote, nguzo ya manyoya inayomzidi mtu kimo, mbegu zisizo na idadi, na inakufa ikiwa imesimama. Maelezo yake ni ya mhasibu kuliko ya mshairi. Penye ukavu, kutoka kuchanua kwa kwanza hadi kwa pili ni mbali, na njiani vifo ni vingi. Anayejibakizia kwa ajili ya raundi ya pili ana uwezekano mkubwa wa kutoiona. Basi heri kutumia yote leo. Penye maji, kusubiri kunalipa.

Hapa kwetu wapo wa aina zote mbili, na huhitaji kupanda mlima kuwaona. Mwenye kishamba kando ya Mto Nyamugasani hupanda, huvuna, hupumzisha, hupanda tena, na akikosa msimu mmoja humwona mwanawe anacheka vilevile. Mwenye shamba la juu, kwenye udongo unaopasuka, huweka kila kitu katika pamba ya msimu mmoja: akiba, mkopo, nguvu za watoto, sala. Nilikuwa nikimwona huyu wa pili kuwa mtu asiye na mpango. Siku hizi nafikiri anajua hesabu ambayo mwenzake wa bondeni hajawahi kulazimika kuijua. Tofauti ni kwamba yeye, pamba ikimwangusha, atakwenda kwa shemeji Bwera, atabeba mizigo mpakani, ataanza upya. Lobelia haina shemeji.

Ukisikia kwamba ua adimu limo hatarini, akili hukimbilia mkono wa mtu. Mchumaji, mwizi, mnunuzi wa mbali. Na mifano haikosekani: waridi la jangwa la nyika za Kenya na Tanzania hung'olewa na shina lake nene likauzwe ndani ya chungu kama pambo. Lobelia za Rwenzori hazina wezi wa maana. Ni mbali mno, ni matope mno, na ukiibeba hadi tambarare itaoza kabla hujapata mteja. Yapo madogo: pimbi huzitafuna, kuni zilikatwa zamani karibu na vibanda vya wapandaji, miguu ya wageni ilizikanyaga vinamasi vya Bigo mpaka zikajengwa njia za mbao. Tangu 1991 pale ni hifadhi ya taifa, tangu 1994 ni urithi wa dunia, na askari wapo. Kama hatari ingekuwa mtu mwenye panga, tungekuwa tumeshinda zamani.

Hatari yake ni upole. Kinachoiangamiza ni usiku usioganda.

Hesabu ni rahisi, ndiyo maana inatisha. Kila unapopanda mita 100, joto hupungua kwa karibu nyuzi 0.6. Kwa hiyo dunia ikiongeza joto kwa nyuzi moja, mmea unaotaka kubaki na baridi yake ileile sharti uhamie karibu mita 170 juu zaidi. Mtu mwenye miguu ataimaliza kabla ya chakula cha mchana. Mmea ambao hauna mguu ila mbegu, na unaochukua miaka mingi kufikia kutoa mbegu, utahitaji vizazi. Na mlima si nyumba ya ghorofa ambayo kila sakafu ina vyumba sawa. Unachongoka. Kila hatua ya kupanda ni uwanja mdogo kuliko uliouacha, mpaka Margherita, mita 5,109, ambako ardhi imekwisha na kilichobaki ni anga. Duke wa Abruzzi, Mwitaliano, alipofika kileleni mwaka 1906, katika msafara uliokuwa na mpigapicha Vittorio Sella, barafu ya Rwenzori ilikuwa kama kilomita za mraba 6.5. Mwaka 1987 ilikuwa kama 2. Mwaka 2003 haikutimia 1. Kile kipande tunachokiona alfajiri tukiwa na bahati ni makombo ya picha za Sella.

Mbishi atasema: barafu ikiondoka si inaacha nafasi? Inaacha jiwe. Jiwe lililotoka chini ya barafu halina udongo wa kushika mzizi. Lazima kwanza vitangulie vimea vidogo, vife, vioze, vingine viote juu ya maiti zao, na hiyo ni kazi ya muda ambao hatujapewa. Na nyuma yake, kutoka chini, wale ambao hawakuweza kuvumilia ile kiu ya asubuhi wanapata ruhusa ya kupanda: erika, vichaka, majani yanayokua haraka na kutandaza kivuli. Hapo ndipo fikra zangu hunasa. Lobelia haikuipenda dhiki, hakuna anayeipenda. Lakini ile dhiki ndiyo iliyokuwa kuta za nyumba yake. Saa tatu za jangwa kila asubuhi ziliwazuia wenye nguvu wasiingie, na ndani ya saa hizo mnyonge mmoja mwenye akili alijijengea ufalme. Sasa kuta zinalegea, na kila asubuhi isiyoganda ni mlango ulioachwa wazi.

Nalisema hili kwa uangalifu, maana kuna watu watalichukua walipeleke msikitini na kanisani kuthibitisha kwamba ufukara unamjenga mtu. Haumjengi. Mama anayebeba dumu la maji kutoka mtoni hadi kwenye kilima cha nyumba yake hahitaji kuhifadhiwa dhiki yake. Ukimwekea bomba uani atalitumia jioni hiyohiyo, na hatapungukiwa na tabia njema hata moja. Mtu si lobelia. Mtu anaweza kutoka jangwani akabaki yeye.

Kisha moto. Februari 2012, moto uliingia nchi ya lobelia na jirani zao senesio, kwenye mlima ambao sifa yake kubwa ni kulowa. Watafiti waliochimba tope la sakafu za maziwa ya Rwenzori, tope ambalo huweka masizi ya kila moto tabaka kwa tabaka, hawakukuta huko juu dalili ya moto wa namna hiyo kwa maelfu ya miaka kabla ya huo. Huko chini, katika misitu, watu wamewasha moto tangu kale. Juu, hapana. Na kuna ukatili ndani yake: senesio na baadhi ya lobelia hawatupi majani yao makavu, huyaacha yamezunguka shina ili yazuie baridi. Vazi lile lile lililowavusha usiku laki moja ndilo lililoshika cheche. Mmea haukukosea. Ulijiandaa vizuri kabisa kwa ajili ya adui aliyekuwepo.

Kule juu likipotea ua, huku chini tunapata jingine. Pita barabara ya Kinyamaseke mvua zikikatika, utazame kando: kijimaua cheupe, kidogo, jani limechanika kama la karoti. Ni gugu karoti. Lilitoka nchi za joto za Amerika, likazunguka dunia kwa magurudumu, magunia ya mbegu na kwato, na sasa limo mashambani na limo ndani ya hifadhi ya Queen Elizabeth. Huchanua wiki chache tu baada ya kuota, na mmea mmoja hutoa mbegu kwa maelfu. Huwasha mikono ya anayeling'oa, hubana kifua, na ng'ombe akilila maziwa yake huwa machungu. Mgeni njoo, mwenyeji apone, tulifundishwa; huyu alikuja na ugonjwa wake mfukoni. Halibagui udongo, haliogopi ukame, halina ndege maalumu wala mlima maalumu. Ukitaka ua la jangwa Munkunyu, basi hilo hapo, tena la bure. Mimi sidhani kwamba dunia inaishiwa maua. Inaishiwa yale yasiyo na haraka.

Kwa Wakonzo, wenyeji wa mlima huu, kule juu hakujawahi kuwa mahali patupu. Mungu wao Kitasamba anakaa huko, na Nzururu, theluji yenyewe, ana kiti chake katika ukoo huo wa miungu. Ufalme wa Rwenzururu, uliotambuliwa na serikali ya Uganda, umeibeba theluji katika jina lake. Kwa hiyo wanasayansi walipokuja na ramani zao za barafu inayopungua, walikuwa wakitoa tanzia ambayo wazee walishaanza kuinong'ona. Ninachokipenda katika imani hiyo, pamoja na kwamba mimi si mfuasi wake, ni kwamba haimtaki mtu awe ameona ndipo aheshimu. Mtu wa Munkunyu hakuhitaji kwenda kuhakikisha kama Kitasamba yupo. Alijua mto unatoka kwake, ikatosha.

Na mto kweli unatoka kwake. Nyamugasani huanzia kwenye mabonde ya maziwa ya Kachope, nchi ya vinamasi na mashada, kisha hushuka ukipita vilima vyetu hadi Ziwa Edward. Kinamasi cha lobelia hunywa mvua kwa pupa na kuitema kwa uchache. Ndiyo maana mto una maji hata wiki ambazo mbingu imefunga. Mito ya Kasese imeshatuonyesha uso wake mwingine. Tarehe 1 Mei 2013 Mto Nyamwamba ulishuka na mawe makubwa kuliko magari ukaupiga mji wa Kilembe. Mei 2020 ukarudia, ukaisomba hospitali ya hapo, na safari hiyo mito ya Nyamugasani na Lhubiriha nayo ilivunja kingo. Sisemi lobelia ingezuia mafuriko. Miteremko iliyolimwa hadi mgongoni, miti iliyokatwa, mvua iliyopitiliza, kila kimoja kina sehemu yake. Nasema tu kwamba aliye juu mngoje chini si methali ya kijicho peke yake. Sisi tuliongoja chini tumekuwa tukiletewa kwa kipimo, na kipimo kile kilishikwa na mkono ambao hatukuwahi kuuona.

Kuna wanaosema mbegu zihifadhiwe kwenye majokofu. Zihifadhiwe. Lakini mbegu ya lobelia inayotunzwa Ulaya ni barua isiyo na anwani, maana hata ikioteshwa katika bustani ya huko itapewa miezi ya baridi kisha miezi ya joto, na yenyewe inajua jambo moja tu, kuvipata vyote kati ya macheo na macheo. Wengine, wajasiri zaidi, huuliza kwa nini isipelekwe kwenye mlima mrefu zaidi. Nilikuwa nikilizungumza hilo na kijana mmoja anayepagaa mizigo ya wapandaji, kwao ni Munkunyu, tumekaa kwenye magunia ya pamba tukisubiri lori. Yeye ameipita bequaertii mara nyingi kuliko profesa yeyote, akiwa na gunia la mkaa mgongoni.

"Kilimanjaro ni mita 5,895," akasema. "Nafasi ipo. Ipelekeni."

Nikamwambia Kilimanjaro ni kukavu, na ina lobelia yake. Ukiwachanganya watazaana, na baada ya muda hutajua nani ni nani. Au ya kwetu itashinda ya wenyeji, tuwe tumewapelekea gugu karoti jingine. Nikamwambia milima haikutani, na pengine ina sababu.

"Mzee, babu yangu aliteremka kutoka Kyondo. Hapa palikuwa pori, watu waliondolewa zamani kwa sababu ya malale. Akafyeka, akapanda pamba. Hakuna aliyemwita gugu."

Nikasema babu yake alikuwa na miguu, na tambarare ingemkataa angeweza kurudi alikotoka.

Akacheka, akalipiga gunia vumbi likatimka. "Kurudi wapi? Kule juu kila shamba limegawanywa mpaka kwenye mawe ya mpaka wa hifadhi. Juu hifadhi, chini hifadhi, katikati sisi. Hiyo lobelia yako ikitaka pa kuhamia ije ipange foleni."